Unga wa asidi amino hauchukui nafasi ya miguu

Ndugu, umeuliza kama unga wa asidi amino (vijenzi vya protini) unaouzwa pale jimu unaweza, bila mazoezi, kupunguza mchochota, yaani ule uvimbe wa ndani usioonekana unaoletwa na unene. Kwa maoni yangu, anza na miguu. Mafuta yanayozunguka matumbo na ini huchangia kutolewa kwa kemikali kama TNF-alfa na IL-6, ambazo huifanya kinga ya mwili ikeshe kana kwamba kuna maradhi, na kutembea kwa kasi hupunguza mafuta hayo hata pale mizani inapokataa kushuka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Panda kilima cha Naguru hapa Kampala kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na nauli ya boda ibaki mfukoni. Kuhusu unga, ushahidi bado ni dhaifu, na asidi amino za leusini, isoleusini na valini tayari huwa nyingi katika damu ya watu wengi wanene wenye usugu wa insulini, yaani mwili usioitikia vizuri homoni hiyo ya sukari. Maharagwe, mukene (dagaa) na mayai vinakupa asidi hizo mezani. Mwenye tatizo la figo amwone daktari kabla ya kununua kopo.