Kwa walimu wapya wa Historia: msiishie mwaka 1865

Walimu wenzangu mnaoripoti Mtwara kwa mara ya kwanza, mtakapofundisha habari za watu wenye asili ya Afrika huko Marekani mtashawishika kufanya nilivyofanya mimi kwa miaka kadhaa, yaani kuandika ubaoni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kutaja Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyofuta utumwa, kisha kufuta ubao. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tano aliniuliza waliokuwa wakiuana walipatanaje. Nilimwambia tutalizungumza kesho, kauli ambayo mwalimu huitoa maji yanapomfika shingoni.

Walipatana Wazungu wa majimbo ya Kaskazini na wa majimbo ya Kusini yaliyotaka kuendeleza utumwa, na gharama ikabebwa na watu weusi. Marekebisho ya 14 na ya 15 yalikuwa yamewapa uraia, na wanaume wao haki ya kupiga kura, lakini ulinzi wa majeshi ya serikali kuu ulipokoma mwaka 1877, haki hizo ziliporwa kwa vitisho, mauaji na sheria za ubaguzi. Simulizi nayo ikageuzwa: vita vikawa ugomvi wa ndugu wawili, wote mashujaa, na utumwa ukaondolewa katika maelezo ya chanzo chake. Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alilipinga jambo hilo hadi alipofariki mwaka 1895.

Yaelezeni matukio mawili polepole. Mjini Charleston, huko Kusini, tarehe 1 Mei 1865, watu waliotoka utumwani waliandamana kwa maelfu, watoto wa shule wakiwa na maua mikononi, hadi kwenye uwanja wa mbio za farasi uliokuwa gereza la kivita. Walikuwa wamewazika upya kwa heshima wanajeshi wa Kaskazini waliofia humo na kuyajengea makaburi uzio. Kumbukumbu hiyo ilisahaulika kwa miongo mingi. Julai 1913, kinyume chake, askari wazee zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili walikusanyika Gettysburg, palipokuwa uwanja wa vita, wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe waliougombania miaka 50 kabla. Watu weusi wapatao 180,000 walikuwa wamelitumikia jeshi la Kaskazini, lakini walioonekana pale walikuwa hasa vibarua wa kambi. Nikilinganisha na hitima iliyosomwa bila wafiwa kualikwa, darasa hunielewa bila maelezo zaidi.

Hakosi mwanafunzi atakayesema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Msimkemee, maana methali hiyo ina hekima yake. Mwulizeni tu ni nani anayeitamka, aliyeumiza au aliyeumizwa. Hapo mjadala huhamia kwenye Kiswahili chenyewe, na mimi huuacha.

Kisha wapelekeni Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini, bandari iliyopitisha watumwa, ambako nyumba moja kuukuu ina kibao kinachomtaja David Livingstone, aliyeanzia hapo safari ya bara mwaka 1866. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, mwacheni mwanafunzi akisome kibao mwenyewe, na ninyi msiseme lolote mpaka mmoja wao aulize mizigo ya Livingstone ilibebwa na nani.