Ferrari iliyovunjika haikuwa Ferrari: jibu kwa mleta mada kuhusu Ferris Bueller's Day Off

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili kuhusu filamu ya Ferris Bueller's Day Off ya mwaka 1986: kama ni kweli waliharibu Ferrari yenye thamani kubwa namna ile, na kwa nini vijana wale wanaotoroka shule kwa siku moja na kuzunguka jiji la Chicago wanaonekana kama hawaigizi, ilhali vichekesho vyetu vya shule mara nyingi vinasikika kama ngonjera za kukariri. Nimehariri filamu na tamthilia hapa Dar es Salaam kwa miaka 14, na hii ndiyo filamu niliyoitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote, wakati mwingine nikiwa nimezima sauti ili nione tu mahali picha zinapokatwa. Nianze na la gari, kwa kuwa jibu lake ni fupi.

Gari lililopasua ukuta wa kioo wa nyumba na kutumbukia bondeni halikuwa Ferrari. Ferrari 250 GT California za kweli zilitengenezwa takriban 100 tu, na kuvunja moja kwa ajili ya kichekesho cha vijana lisingekuwa jambo la kufikirika. John Hughes, aliyeandika na kuiongoza filamu, alisoma katika gazeti la magari habari za karakana moja ndogo ya California iliyokuwa ikiunda magari ya kufanana na Ferrari hiyo, akampigia simu fundi mwenyewe, Neil Glassmoyer, ambaye alikata simu akidhani ni rafiki yake anamtania. Hatimaye yalipatikana magari matatu, mawili ya kuendeshwa na moja lililokuwa bodi tupu, na hilo la bodi ndilo lililorushwa. Picha chache za karibu, zile ambazo mtu anayeyajua magari angeweza kugundua udanganyifu, zilipigwa kwenye Ferrari halisi. Nyumba hiyo yenye kuta za kioo nayo si seti ya kujengwa, bali ni nyumba ya kweli iliyopo Highland Park, kaskazini ya Chicago.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Wengi hudhani uhalisia wa filamu ile ulitokana na kuchukua wanafunzi wa kweli, lakini sivyo. Alan Ruck, anayeigiza Cameron, yule rafiki wa Ferris aliye mgonjwa wa hofu, alikuwa na miaka 29 wakati wa kupiga picha mwaka 1985, na Matthew Broderick, yaani Ferris mwenyewe, alikuwa na miaka 23. Walichokuwa nacho ni kuzoeana, kwa sababu walikuwa wametoka kuigiza pamoja jukwaani Broadway katika tamthilia ya Biloxi Blues iliyoongozwa na Gene Saks. Ile sauti ya kizee yenye hasira ambayo Cameron anaitumia kumhadaa mwalimu wa nidhamu kwa simu ni sauti ya Saks, waliyokuwa wakiiigiza wao kwa wao kwa kujifurahisha. Mzaha wa marafiki uliingizwa kwenye filamu jinsi ulivyo, na sikio la mtazamaji hutambua tofauti hiyo hata kama hajui chanzo chake.

Hughes alikuwa na desturi ya kupokea kile kilichojitokeza. Skripti yenyewe aliiandika kwa muda usiofika wiki moja, kwa kuwa waandishi wa Marekani walikuwa karibu kugoma na alitaka kuwahi. Mwalimu wa uchumi anayeuliza maswali kwa sauti isiyopanda wala kushuka, huku wanafunzi wakisinzia na kudondosha mate, ni Ben Stein, ambaye hakuwa mwigizaji kwa taaluma bali mwanasheria aliyewahi kuandika hotuba za Rais Nixon. Sauti yake ilipowachekesha waliokuwepo kwenye seti, Hughes alimtaka afundishe jambo analolifahamu vizuri, naye akaanza kueleza sheria ya ushuru ya Smoot-Hawley ya mwaka 1930, bila maneno ya kuandikiwa. Anasubiri jibu, halipatikani, anajijibu mwenyewe, anaendelea. Mimi nimesoma na mwalimu wa namna hiyo, na naamini nawe pia.

Katika onyesho la gwaride la mjini, gari lililopambwa ambalo Ferris anachezea juu yake lilipenyezwa ndani ya gwaride la kweli la Von Steuben, linalofanywa kila mwaka na Wamarekani wenye asili ya Kijerumani, kisha siku nyingine wakarudi kupiga picha na maelfu ya watu walioalikwa. Goti la Broderick lilikuwa limeumia, hivyo baadhi ya hatua za dansi zilizopangwa na Kenny Ortega zikaachwa. Fundi wa ujenzi na msafisha madirisha wanaoonekana wakicheza hawakupangwa na mtu. Muziki uliwafikia walipokuwa kazini, wakacheza, na Hughes akaagiza kamera ziwaelekee. Sisi huku mpita njia akitazama kamera tunapiga kelele asimame, tunaanza upya.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilifanyika kwenye chumba cha uhariri. Mhariri Paul Hirsch ameeleza kwamba filamu ilipoonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, onyesho la makumbusho ya Art Institute of Chicago lilikuwa la mwisho kwa kupendwa, na gwaride lilikuwa la kwanza. Makumbusho yalikuwa yamewekwa baada ya gwaride, yaani baada ya shangwe yote ile watu walitakiwa kutulia na kutazama michoro. Hirsch alihamisha matukio ya siku ile, akaliweka gwaride mwisho, na muziki wa makumbusho ukabadilishwa. Baada ya hapo watazamaji walilipenda onyesho lilelile ambalo awali liliwachosha.

Litazame kwa makini. Cameron amesimama mbele ya mchoro mkubwa wa Seurat, mchoraji wa Kifaransa, wenye watu waliopumzika kando ya mto, macho yake yapo kwa mtoto mdogo aliyevaa nguo nyeupe. Picha inakwenda usoni kwake, inarudi kwa mtoto, kila mara ikisogea karibu zaidi, mpaka uso wa mtoto unapotea na yanabaki madoa ya rangi tu. Hughes alieleza kwamba kadiri kijana anavyomtazama mtoto ndivyo anavyozidi kutoona kitu, na anaogopa kuwa na watu wakimtazama yeye hawataona kitu. Hakuna neno linalotamkwa. Onyesho kama hilo halivumilii kuwekwa mahali ambapo mtazamaji bado ana ngoma masikioni.

Nililielewa hilo kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri kichekesho cha wanafunzi kilichopigwa picha Tanga. Tulikuwa na harusi yenye vurugu na vicheko, kisha wavulana wawili wanakaa ufukweni usiku, mmoja akitaka kumwambia mwenzake kwamba amefeli mtihani. Tulipoionyesha ukumbini mara ya kwanza, ulipofika ufukwe watu walitoa simu mifukoni na kina mama wawili wakainuka kwenda kutafuta maji. Mwongozaji alitaka tulifute onyesho lote la ufukweni. Nilimwomba siku mbili, nikalipeleka kabla ya harusi, nikaondoa muziki wa piano niliokuwa nimeubandika na kuacha mawimbi peke yake. Tulipoionyesha filamu mara ya pili, mvulana alipofungua mdomo na kuufunga tena bila kusema, ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia feni za darini.