Maswali na majibu: dau la tangazo la Google uliguse lini?

Wengi mwezi huu mmeuliza swali lile lile kwa mavazi tofauti: dau, yaani kiasi unachokubali kulipa tangazo lako likibofywa, libadilishwe lini? Nimechagua matano. Aliyetaka kujua namna ya kununua wafuasi amekosea mlango.

Nauza sola Mwanza. Nimelipia kliki 40, sijapata oda hata moja. Nishushe dau?

Usiliguse. Tuseme kwa kawaida wawili kati ya 100 wanaobofya hununua, yaani oda moja kwa kliki 50. Hata ukifika hizo 50 mikono mitupu, bahati mbaya peke yake huleta hali hiyo kwa asilimia 36. Zikifika 150 bila oda, bahati mbaya inabaki na asilimia 5 hivi, na hapo una haki ya kushuku. Kliki 40 bado hazijasema kitu.

Lakini kwanza niambie, hizo oda unazihesabu wapi? Mteja wako hajazi fomu. Anapiga simu, au anakuja WhatsApp kuuliza "mwisho bei gani?" Kama simu na meseji hizo hazirekodiwi kwenye akaunti kama matokeo, sifuri unayoiona ni ya kipimo, si ya biashara. Nimeandika hili mpaka nimechoka, na bado kila wiki mtu ananiambia matangazo hayalipi wakati hajawahi kupima. Angalia pia mpangilio wa eneo: ukiuacha ulivyokuja, tangazo linawafikia hata watu wasioishi Mwanza, mradi wameonyesha kuvutiwa nayo.

Niweke dau gani ili nimpite mshindani wangu?

Umpite ili iweje? Kila mtu anapotafuta, mnada unapigwa upya, na ubora wa tangazo na wa ukurasa wako unahesabiwa pamoja na dau. Mwenye dau dogo anaweza kukaa juu yako. Piga hesabu yako: faida ya oda ikiwa shilingi 30,000 na wanunuzi ni wawili kwa mia, kliki ikizidi shilingi 600 unamfanyia kazi Google.

Bajeti yangu ni 20,000 kwa siku, jana wamekata 37,000. Nimeibiwa?

Hapana. Siku moja inaweza kufika mara mbili ya bajeti, ila mwezi hauzidi bajeti ya siku mara 30.4. Kwako ni 608,000. Haya yameandikwa, someni.

Natumia dau la kiotomatiki, yaani Google ndiyo inalipanga, na nimeliwekea lengo la gharama kwa oda. Kila asubuhi nalirekebisha kulingana na jana. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo. Mtu anabofya tarehe 18, anasubiri mshahara, analipa tarehe 30. Ripoti inairudisha oda hiyo kwenye siku ya kliki, kwa hiyo siku za karibuni huonekana mbovu kuliko zilivyo. Ukikata lengo kwa kuitazama jana unaadhibu kliki ambazo hazijamaliza kazi, na mfumo unaweza kulazimika kujifunza upya.

Rekebisha pale faida yako inapobadilika: dola imepanda, mzigo umekuwa ghali, msimu umegeuka. Rekebisha pia ukiona unakosa kuonekana kwa sababu ya daraja (nafasi ambayo dau na ubora wako vinakupa kwenye mnada) na kila oda inakuachia faida, hapo pandisha. Ila kama unakosa kuonekana kwa sababu bajeti imeisha, kupandisha kutaimaliza saa nne asubuhi. Anayelipia kliki zake kwa dau la mkono, katika hali hiyo ashushe. Wengi hufanya kinyume, tena kwa ujasiri.

Wakala wangu anasema anarekebisha madau kila siku. Nimwongeze malipo?

Fungua historia ya mabadiliko ndani ya akaunti. Ikiwa tupu, anakudanganya. Ikijaa marekebisho ya kila siku, anakuharibia. Na kama akaunti kaifungua kwa barua pepe yake na wewe huna ruhusa ya msimamizi, achana na madau kwanza. Dai akaunti yako leo, kabla hujalipa ankara nyingine.