Mwenyekiti kagonga muhuri, je kiwanja kishakuwa changu?

SWALI: Shikamoo mwanasheria wetu. Naishi Buswelu hapa Mwanza, nauza dagaa Kirumba mwaloni. Nilipata kiwanja Nyamhongolo kwa milioni sita, aliyeniuzia ni kijana mtoto mkubwa wa mzee ambaye alishafariki, akanionyesha ofa ya baba yake, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akasaini akagonga muhuri na wakili naye akagonga. Nimeshalipa milioni nne. Juzi nimemwaga mchanga tu nianze msingi, kaja mjane na mabinti wawili wanasema mirathi haijafunguliwa. Dalali ananiambia mama pandisha ukuta haraka, ukishajenga hawakutoi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Huyo dalali usimsikilize hata kidogo. Sheria inawapa wenye madai ya ardhi miaka 12 kuyapeleka mbele, kwa hiyo ukuta wa mwezi mmoja hauwazuii kitu, wataenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wachukue zuio, na tofali zako zitabaki pale huku dalali kashakula chake.

Simamisha ujenzi, na hiyo milioni mbili iliyobaki usiitoe.

Swali la kumuuliza kijana ni moja tu, Fomu namba 4 iko wapi? Hiyo ndo fomu ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua msimamizi wa mirathi, na mali ya marehemu anauza msimamizi, hauzi mtoto mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Akikuletea muhtasari wa kikao cha ukoo mwambie hautoshi, kikao kinapendekeza jina tu, anayeteua ni mahakama. Akikuletea fomu yenyewe, chukua namba ya shauri uende mahakamani ukahakikishe ipo kweli, maana muhuri mtu anachongesha mjini hapa.

Na hapa niseme kitu ambacho kinaniuma sana kwa sababu kila wiki naletewa kesi za hivi. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba fulani na fulani walikuja wakauziana, wakili anathibitisha sahihi, hakuna kati yao anayempa muuzaji umiliki ambao hakuwa nao tangu mwanzo. Ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake kwa niaba yetu, sisi tunamilikishwa haki ya kuitumia, mjini kwa muda unaofika hadi miaka 99, na kumbukumbu ya nani kamilikishwa iko ofisi ya ardhi, haipo kwenye daftari la mtaa.

Kwa hiyo beba kopi ya ile ofa uende idara ya ardhi ya manispaa Ilemela, omba waangalie jalada. Linganisha jina, kitalu na namba ya kiwanja, uliza deni la kodi ya pango, uliza kama hati ilishatoka. Kama hati ipo basi unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, unalipia ada unapewa majibu kwa maandishi, na hapo ndo utaona kama kuna mkopo wa benki umekalia kile kiwanja au kuna zuio. Halafu rudi site na mpima mwangalie namba za kwenye bikoni, yale mawe ya mipaka, ziendane na ramani ya upimaji, maana watu wanaonyeshwa kiwanja kimoja wanaandikiwa kingine.

Familia ikiwa tayari kuuza, wafungue mirathi, msimamizi asaini nawe mkataba mpya na mjane ashirikishwe, ndo umalizie hela na mjaze fomu za uhamisho namba 29, 30 na 35. Wakikataa, dai milioni nne yako kwa kijana, na kama alikudanganya kwamba yeye ndo mwenye mali, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, polisi wanahusika.

SWALI: Mimi niko kijijini Sengerema, shamba limegusa ziwa. Naambiwa hati ya kimila, ile ya ardhi ya kijiji, ni karatasi tu, ni kweli?

JIBU: Si kweli kaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa hadhi sawa na ile ya mjini, na inaweza kuwa haina ukomo wa miaka. Andika maombi kwa halmashauri ya kijiji, majirani waje kwenye mipaka siku ya kupima, na kama mmechuma na mkeo majina yawe mawili. Ila kwa upande wa ziwa, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, usiweke ujenzi wa kudumu hapo, na ukumbuke mwaka 2020 maji yalivyopanda yakaingia nyumba za watu, kwa hiyo hizo mita zipimie pale maji yalipofika.