Kujiandaa kwa mbio ndefu za ramani na dira ugenini: safari, mazoezi ya mwisho na kupasha mwili

Mkuu, umeuliza kama kufika siku mbili kabla ya mbio kunatosha, asubuhi ya mbio upashe mwili kwa muda gani, na kama unaweza kurudi nyumbani usiku uleule. Nakujibu kwa jinsi ninavyofanya mwenyewe, baada ya kukimbia mbio hizi (orienteering), ambazo mtu hutafuta vituo vyenye vibendera msituni kwa ramani na dira, miaka mingi.

Siku mbili zinatosha kwa miguu, lakini kwa macho ni chache. Pumzi na nguvu ulishazitengeneza nyumbani, na wiki ya mwisho haiongezi kitu. Kusoma ramani ya msitu mgeni ndiko kunakobadilika haraka, hata ndani ya siku tatu nne. Alama ni zilezile dunia nzima kwa sababu shirikisho la kimataifa, IOF, limeziwekea viwango, ila mchoraji ndiye anayeamua kipi kiingie. Penye mawe mengi, jiwe la kimo cha kiuno huenda asilichore kabisa. Kwenye msitu mtupu, jiwe hilohilo anaweza kulichora, na likawa ndilo alama yako kuu. Kijani, yaani rangi ya vichaka kwenye ramani, nacho kina mambo yake. Kwa mujibu wa viwango, kijani hafifu ni pale kasi inapobaki asilimia 60 hadi 80 ya kawaida, na kijani cha kati ni asilimia 20 hadi 60. Umeona upana wa hiyo ya pili? Kuna mahali utapita ukilalamika tu, na mahali utajuta kuzaliwa. Huwezi kujua hadi uingie mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, soma taarifa ya waandaaji mpaka mwisho. Tafuta kwanza mipaka ya eneo lililofungwa. Eneo la mashindano hufungwa mapema kwa washiriki wote, na ukikutwa humo na ramani unaweza kuondolewa, hata ukijitetea kwamba ulikuwa unanyoosha miguu. Kisha angalia kama wanauza ramani za mazoezi za misitu ya jirani yenye sura ileile, au kama watafungua eneo la mfano lenye vibendera. Mimi huchagua malazi kwa kigezo hicho: niwe karibu na msitu wa mazoezi, hata kama uwanja wa mbio utakuwa mbali kidogo. Siku ya mbio usafiri unapatikana tu, maana kila mtu anaelekea huko.

Kama unavuka majira ya saa, kanuni inayotumika sana ni siku moja kwa kila saa ya tofauti. Wengi hatuna likizo ya namna hiyo, basi angalau anza kulala na kuamka kwa saa za kule kabla hujaondoka. Dira, kadi ya kielektroniki (inayorekodi vituo ulivyopita) na nguo za mbio zikae kwenye begi la mkononi. Viatu vyenye meno ya chuma vinaweza kuleta maswali kwa wakaguzi, kwa hiyo uliza shirika la ndege mapema. Na kama unatoka upande mmoja wa ikweta kwenda mwingine, hakikisha dira yako inafaa kule. Sindano husawazishwa kwa nusu moja ya dunia, na ukiipeleka nusu ya pili inainama na kukwama ndani ya dira.

Sasa mazoezi ya huko. Siku ya kwanza natembea na ramani, sikimbii. Nasimama kwenye kila kichuguu na kila mtaro, nalinganisha na karatasi. Wanaonipita mbio huniona mvivu. Siku inayofuata nakimbia taratibu kama dakika 40 na kuhesabu hatua za mguu mmoja kwa mita 100, njiani na kisha porini, kwa sababu hesabu hizo mbili hazilingani. Hapa jihadhari na skeli. Mbio ndefu kwa kawaida hutumia 1:15,000, yaani sentimita moja ni mita 150. Aliyezoea 1:10,000 huanza kutafuta kibendera theluthi nzima ya njia kabla ya kukifikia, halafu anadai ramani imekosewa.

Zoezi ninaloliamini zaidi ni la mkondo mmoja mrefu, yaani kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata, kilomita moja na nusu au mbili. Chora njia mbili, moja ya kunyooka na moja ya kuzunguka kwa kijia, uzikimbie zote kwa juhudi ileile na saa mkononi. Mbio ndefu huamuliwa na chaguo la njia kuliko kitu kingine chochote, na zoezi hilo linakuambia kama kwenye msitu ule kuzunguka kunalipa. Siku ya kuamkia mbio, dakika 20 nyepesi zinatosha.

Kupasha mwili asubuhi hakuhitaji makuu. Mbio fupi za mjini ndizo zinazodai mwili uwe umechemka tangu hatua ya kwanza. Hizi ndefu utakuwa porini saa nzima au zaidi, kwa hiyo dakika 15 hadi 20 za kukimbia polepole, na mikimbio mifupi mitatu minne mwishoni, zinatosha kabisa. Angalia pia umbali wa kwenda mahali pa kuanzia. Mara nyingi ni kilomita moja au mbili, na kama ni mlima, mwendo huo ndio sehemu kubwa ya kupasha kwenyewe. Ila usikimbie bure: shika ramani ya mazoezi, isome huku ukienda, kidole gumba kikifuata mahali ulipo. Futa kumbukumbu za zamani kwenye kadi na uikague ukifika. Kisha kituo cha kwanza kiendee kwa kasi ya chini kuliko unavyotamani, na yule aliyeanza mbele yako muache aende. Huenda kozi yake si yako.

Kuhusu kurudi usiku uleule: kata tiketi baada ya kujua saa yako ya kuanza na saa ya kufungwa kwa kozi. Hata ukiacha mbio katikati, lazima upite mwisho wa mbio kadi yako isomwe, la sivyo watu wataingizwa msituni kukutafuta wakati wewe uko kwenye basi.