Wanawake hawamo kwenye orodha ya mabalozi: anzia kwenye ukoo

Salaam ndugu. Umesema umepekua orodha za mabalozi wa Ulaya wa karne ya 16 na hukuona mwanamke, ukakwama. Nami nilikwama hapohapo nilipoandika tasnifu yangu. Weka orodha kando, chora ukoo kwanza: nani mama wa nani, nani shangazi, nani kaolewa wapi.

Tazama mkataba wa amani wa mji wa Cambrai, 1529. Mfalme François I wa Ufaransa alitekwa vitani Pavia, Italia, mwaka 1525, na jeshi la Kaisari Charles V, aliyetawala pia Hispania. Alipoachiwa, wanawe wawili walibaki rehani Hispania. Yeye na Kaisari walichukiana hadi wakaitana kupigana ana kwa ana. Nani angetangulia kuomba amani bila kujivunjia heshima? Wakaingia Louise wa Savoy, mama wa mfalme, na Margaret wa Austria, shangazi wa Kaisari. Hawa walikuwa mawifi: marehemu mume wa Margaret alikuwa kaka yake Louise! Walifikia nyumba jirani zilizounganishwa kwa njia ya ndani, wakazungumza takriban wiki nne. Ufaransa ikabaki na jimbo la Burgundy, ikaacha madai yake Italia, ikakubali kulipa fidia ya écu (sarafu za dhahabu za Ufaransa) milioni 2. Watoto wakarudi 1530.

Ila usiandike kwamba walikuwa nyuma ya pazia tu. Margaret alikuwa gavana wa Nchi za Chini (eneo la Uholanzi na Ubelgiji za leo), na wote wawili walipewa mamlaka ya kutia saini. Kisicho rasmi hapo ni uwifi wenyewe, na huo utauona kwenye barua zao na mikataba ya ndoa. Anza na barua.