Nkungwe mwezi wa Novemba: pangeni saa ya kugeuka

Sisi wa Kigoma tunaijua Novemba kwa kumbikumbi na matope. Nikisema naenda kupanda mlima mwezi huo, nyumbani wananiuliza kwa nini nisingoje Julai nyasi zikauke. Kiangazi ni rahisi kweli. Lakini mvua za kwanza zikishaosha moshi wa nyika, ukifika juu asubuhi unaona Ziwa Tanganyika limetandazwa chini yako na milima ya Kongo ng'ambo. Kwa hilo mimi huvumilia matope.

Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, huku kwetu Kigoma, kina mita 2,462. Ziwa liko mita 770 hivi, kwa hiyo ukianzia ufukweni miguu inapanda karibu mita 1,700: msitu, miombo, mianzi, kisha nyasi tupu. Tengeni siku mbili au tatu, pamoja na mwongozaji na askari wa hifadhi.

Hizo nyasi tupu ndizo zinazonitia hofu. Safari yangu ya kwanza tulikawia kambini tukinywa chai. Saa saba mchana kilele tunakiona kabisa, ngurumo ikaanza. Askari akasema tunashuka. Tukambembeleza: dakika ishirini tu, kaka. Tulipokuwa bado tunabishana, vinyweleo vya mikono yangu vikasimama, na hakuna aliyeongeza neno. Tulikimbilia bondeni, tukachuchumaa mbalimbali kila mtu na lake, radi ikipiga pale pale tulipotaka kwenda.

Tangu siku ile naondoka kambini saa kumi alfajiri, kwa tochi, na saa ya kugeuka tunaikubaliana usiku kabla ya kulala: saa tano asubuhi, popote tulipo. Ukingoja kuamua ukiwa umekiona kilele, hutageuka.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Udongo uliolowa chini ya nyasi ni kama sabuni. Mwenzetu aliteguka kifundo akiwa anapiga soga, mlima mgumu ameshaumaliza. Kata fimbo ndefu kabla hujaingia hifadhini. Punguza kucha za miguu siku mbili kabla, na kabla ya kushuka kaza kamba za viatu kifundoni, vidole visisukumwe mbele. Soksi kavu zifunge kwenye nailoni, usizivae mpaka ufike kambini.

Na kama una mafua, mwambie mwongozaji mapema. Mafua yetu huwaua sokwe, na njia yenu inapita msituni kwao.